Maneno ya Ndani kwa Chupa ya Dawa

Hapo zamani, kabla neno halijatiwa kitabuni kama kuku tengani, alikuja mjini kwetu daktari Mwingereza, Daktari Habati. Kazi yake kutibu, ugonjwa wake maneno. Mkono huu kakushika mshipa, mkono huu kashika kalamu. Ukilia, "Tumbo linanisokota!" yeye, "Kusokota na kukata, tofauti yake nini?" Wewe unakufa, yeye anaandika.

Akaandika ya shambani, akaandika ya jikoni. Yakambakia ya unyago, yale tunayofundwa ndani wanawake peke yetu, tukaapa hayatavuka kizingiti.

Siku moja mwenzetu Mwanasiti akampelekea bintiye mchanga, Kibibi, homa imempanda hadi macho yamegeuka.

"Dawa ipo," akasema daktari. "Kwanza nipe ya unyago."

Mwanasiti mbio kwa kungwi wake aliyemfunda, Bi Somoe. "Somo yangu, nifungulie kiapo, mtoto ananifia!"

"Kiapo si mlango, mwanangu, kifunguliwe kwa kila mpiga hodi."

Mbio kwa mumewe, Shaibu. "Sema, mke wangu! Si maneno tu hayo?" Kumbe mwenyewe masikio yamemsimama, akaenda kujibanza nyuma ya dirisha la daktari.

Mwanasiti akarudi kwa daktari, akasema yote. Kibibi akapona. Na jioni ileile Shaibu akayamwaga barazani, wanaume wakacheka hadi kahawa ikawatoka puani.

Kitabu kikapigwa chapa, kinene kama tofali, juu yake jina moja tu: Habati. Kana kwamba yeye ndiye aliyevunja ungo!

Miaka ikaenda, akavunja ungo Kibibi. Hakuna kungwi aliyemtaka. "Wa yule mama? Afundwe ili yauzwe tena?" Na asiyefundwa, nani amwoe?

Mwanasiti akawaita wote uani kwake.

Daktari akasema, "Mimi nimeyahifadhi yasipotee."

"Yalimpotea nani?" akauliza Bi Somoe.

Shaibu akasema, "Mimi sikumwambia Mzungu hata moja."

"Uliuambia mji mzima, bwege wewe!" akamrukia mkewe.

Bi Somoe akasema, "Mimi nimetunza kiapo."

"Kwa roho ya mwanangu!" akafoka Mwanasiti.

"Na wewe, mwanangu, siku ya unyago wako uliapa kwa mdomo wa nani?" akauliza Bi Somoe.



Wakati wote huo Kibibi kasimama pembeni, leso mpya mabegani, anangoja wamalize.

Haya, nyie mnaonikodolea macho. Aliyefungiwa mlango ni yule ambaye hakutamka hata neno. Je, kati ya wale wanne, nani alistahili kufungiwa?