Hewa Ndani ya Rejeta

Wahenga walisema, kawia ufike. Hawakumwambia mtu azembee njiani. Walimwambia kwamba heri mguu mzito unaofika kuliko mbio zinazoishia mtaroni. Wapo wanaoambiwa neno hilo na bibi zao, na wapo wanaongoja waambiwe na gari.

Kinyozi mmoja aliambiwa na gari. Watu walimwita Radi kwa wepesi wa mkono wake. Mteja aliketi, akapepesa macho mara mbili, akasikia, "Tayari, mwingine!" Baadhi walitoka na sharubu za upande mmoja zikiwa ndefu kuliko za upande wa pili, lakini wote walitoka mapema.

Asubuhi hiyo alikuwa akimpeleka mama yake hospitali. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho ya mama yote mawili, hata ikawa anatia chumvi kwenye chai huku akiapa ni sukari. Daktari wa macho alifika katika hospitali hiyo mara moja kwa mwaka. Wagonjwa walitakiwa kufika saa nne. Saa sita kamili daftari lilifungwa, na aliyekosa alingoja mwaka mzima.

Walikuwa njiani saa mbili pale taa nyekundu ya joto ilipowaka. Radi alisimamisha gari kando ya barabara. Hakuwa mpumbavu, alijua kwamba mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi. Aliizunguka boneti kama kuku atafutaye pa kutagia, mpaka vyuma vikapoa. Kisha akamimina maji madumu mawili kwa mkupuo, glu glu glu, yakafika shingoni, akafunga.

Walipoondoka, mshale wa joto ulilala chini kabisa.

"Unaona, mama? Baridi kama maji ya mtungi!"

"Mimi sioni, baba. Ndiyo maana tunakwenda."

Walipomaliza kupanda mlima, mvuke ukafoka mbele ya kioo, mweupe kama pamba. Radi alizima injini, akaliacha gari literemke lenyewe hadi kwenye gereji iliyokuwa chini pale njia panda. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Aliyewapokea alikuwa mwanamke mnene mwenye ovaroli iliyopauka magotini. Wenzake walimwita Mama Spana. Alimsalimu mama kwanza, akamletea kiti kivulini, ndipo akamgeukia Radi.

"Dada, nakuomba, fasta fasta," Radi alisema. "Tia maji tu, kama nilivyotia kule nyuma, twende."

"Kwani kule nyuma ulitia nini, uji?"

Vijana wa gereji walicheka. Mama Spana hakugusa mfuniko. Aliagiza injini ipoe, na wakati wa kungoja akapapasa mipira ya rejeta mmoja mmoja, akakuta klempu, ile pete inayobana mpira, imelegea na maji yakidondoka tone tone. Akaikaza.

"Lakini mshale ulikuwa chini!" Radi alilalamika.

"Mshale unapima joto la maji. Ulipomimina kwa pupa, hewa ilinaswa ndani, ikakaa pale penye kipimo. Maji hayakufika pale, mshale ungesema nini? Gari lilikuwa linaungua, nawe unashangilia."

Saa nne ilipogonga, gari lilisukumwa hadi kwenye mwinuko mdogo, pua juu, ili hewa ipate njia ya kupanda. Mama Spana alilegeza skrubu ya kutolea hewa, akawasha swichi na kufungua hita mpaka mwisho.

"Jua lote hili unatuwashia hita?"

"Hita nayo ina mabomba yake. Hewa hujificha humo kama mdaiwa."

Akaanza kumimina maji yaliyochanganywa na dawa ya rejeta, uzi mwembamba kama amiminaye mafuta kwenye kibatari. Akaacha. Akaminya mpira mnene, taratibu, kama akamuaye ng'ombe mkaidi. Povu likatoka kwenye skrubu, bwak, bwak. Akamimina tena.

Maji yakafika shingoni. Radi akauchukua mfuniko. "Imejaa! Saa nne na robo hii!"

"Weka chini."

"Dada, mama yangu akikosa leo, atapofuka!"

Mama Spana alimtazama. Harufu ya sabuni ya kunyolea ilikuwa bado mikononi mwa Radi. "Wewe kinyozi, siyo? Mteja akiinuka umemnyoa nusu kichwa, akasema yatosha, nachelewa, utamwacha aende?"

Radi aliugeuzageuza mfuniko mkononi. Kwa kweli, aliwahi kumwacha mmoja.

Kutoka kivulini sauti ya mama ikasema, "Mwanangu, mwache amalize kichwa."

Radi aliuweka mfuniko chini. Akachuchumaa kando ya skrubu na kuhesabu mapovu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: kutulia akiangalia kitu kinachokwenda polepole. Mapovu yakapungua. Yakawa moja, moja. Kisha maji yakatoka mfululizo bila kigugumizi, na Mama Spana akaikaza skrubu. Injini ikawashwa mfuniko ukiwa wazi. Maji yakashuka ghafla, yakaongezwa. Hita ikaanza kupuliza moto wa kweli. Ndipo mfuniko ukafungwa. Saa tano kasoro dakika ishirini.

"Sasa nenda. Na usikimbize."

Hakukimbiza. Mshale ulipanda hadi katikati, ukatulia hapo njia nzima. Saa sita kasoro dakika nane waliingia lango la hospitali, mama akashika mkono wa mwanawe.

"Mlitakiwa saa nne," muuguzi alisema, kalamu ikiwa tayari kupiga mstari chini ya daftari.

"Tumechelewa, dada," Radi alijibu kwa unyenyekevu. "Lakini tumefika."

Muuguzi aliguna, akaandika jina la mama, la mwisho daftarini.

Jioni hiyo mama alipasuliwa jicho la kwanza, na kesho yake bandeji ikafunguliwa. Mama alipepesa, akatoa machozi, akamkazia mwanawe jicho hilo kwa muda mrefu, kipande kwa kipande, kama asomaye barua.

"Baba," alisema, "umeanza kuota mvi, na hukuniambia!"

Radi alicheka hadi akakaa chini. Ama kweli, kawia ufike.