Kwa Nini Mkia wa Mbwa Hautulii

Sogeeni karibu, maana hili wengi wanalisimulia na wote wanalikosea. Zamani, misitu ikiwa bado minene hata jua linapita kwa kuomba njia, mbwa alikuwa na mkia mgumu kama mchi. Afurahi, aogope, ulisimama vilevile. Ungemtazama kutwa nzima usijue ana nini moyoni. Na watu wa wakati huo wala hawakujisumbua kujua.

Kulikuwa na mjane anaitwa Nyamizi. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kijijini, ukifungua mlango umeingia porini. Hakuwa na mume, hakuwa na kaka. Alikuwa na mbuzi wake na mbwa wake, Tuone. Huyo Tuone alikuwa mkubwa kama ndama, na akibweka, matunda yalidondoka ng'ambo ya mto. Kwa sababu yake tu, chui walipita mbali na mlango ule.

Ila akiitwa, haji. Nyamizi aliita mpaka koo likawasha, mbwa kasimama kwenye mtama anamtazama. Akija baadaye, anapokewa na fimbo kwa kuchelewa. Ndivyo kijiji kizima kilivyofundisha mbwa. Kesho yake anachelewa zaidi, na fimbo nayo inanenepa.

Sasa siku moja chui akaingia zizi la mtemi mchana kweupe. Watu wakamwita Tuone kwa sauti za kupasua mbingu. Tuone akabaki kulekule mbali, na chui akaondoka na mbuzi mdomoni. Mtemi akasema mbwa asiyeitika hana kazi. Siku ya kuonja mtama mpya, Nyamizi amwite mbele ya watu wote. Asipokuja, wenye mishale watammaliza.

 Nyamizi alijua kabisa: Tuone akifa, chui watalala mlangoni kwake. Kila asubuhi alitoka kuangalia mtama, na kila asubuhi ulikuwa umezidi kuwa mwekundu.

Shemeji yake, Kapela, akamletea fimbo ya mninga nene kama paja. Nyamizi akaishika, akaita. Tuone akaja nusu ya njia, akaiona fimbo, akasimama. Mara hii Nyamizi alimtazama vizuri. Ngozi ya mbwa ilikuwa inatetemeka yote, kutoka masikio mpaka kwato, tena ningesema mpaka kucha, maana kwato hana.

"Shemeji," akasema, "huyu akija anapigwa. Wewe ungekuja?"

"Mimi si mbwa."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Akaivunja fimbo, akaitia jikoni. Akachukua nyama kavu, akaketi chini akimpa mbwa mgongo, akaita kwa sauti ya chini: "Tuone, njoo baba." Mbwa akisogea kidogo, anapata kipande. Akirudi nyuma, hafuatwi. Kapela alipita akicheka, akasema mbwa gani huyu anabembelezwa kama mkwe. Kuna siku mbwa alikula mkononi, Nyamizi akalala na furaha. Kesho yake kinu kikaanguka, mbwa akakimbia, ikawa kuanza upya. Na mtama hausubiri mtu.

Siku ikafika. Ngoma zilikuwa nyingi hata ardhi ilikuwa inarukaruka. Tuone akasimama pembeni ya uwanja. Nyamizi akaita, lakini woga ulimbana, sauti ikatoka kali kama ya zamani. Mbwa akaganda. Mpiga mishale akavuta upinde.

 Nyamizi akataka kupiga kelele, akajizuia. Akageuka, akampa mbwa mgongo, akachuchumaa mbele ya watu wote, mkono nyuma, mtupu. "Tuone, njoo baba."

Hakuona kitu. Alisikia tu ngoma zinakoma moja moja. Kisha pua baridi ikamgusa kiganja.

Mbwa alikuwa anatetemeka mpaka vibuyu vya pombe vinagongana. Nyamizi hakumshika kwa nguvu. Akamkuna taratibu chini ya kidevu. Tetemeko likatoka masikioni, likashuka shingoni. Akamkuna mgongo, likahamia kiunoni. Likaendelea kurudi nyuma mpaka likafika mkiani, na huko hakuna mahali pengine pa kwenda. Ule mkia mgumu ukalegea, ukaanza kwenda huku na huku, ukapiga kibuyu cha mtemi mwenyewe, pombe yote chini.

 Mtemi akautazama ule mkia, kisha akamwambia mpiga mishale, "Shusha. Amekuja."

Na tangu siku hiyo mkia wa mbwa hautulii. Ule ni woga uliokunwa ukageuka furaha. Ukimtisha, unarudi kuwa woga, naye anauficha katikati ya miguu. Na kwetu mbwa aliyeitwa akaja, hata akija jua limezama, hapigwi.