Ndege Iliyolalia Kushoto

Kamba ya kisimani ni laini, na jiwe la ukingoni ni gumu kuliko moyo wa mama mkwe. Hata hivyo, kwa kupita palepale kila siku, kamba huliachia jiwe mfereji. Fundi cherehani mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, alijifunza hayo kwa vidole vyake.

Marehemu mumewe alimwachia ndege ndogo ya rimoti aliyoiunda mwenyewe, nayo haikuwahi kuruka sawasawa. Ilipandisha pua kama mwenye maringo, kisha ikalalia kushoto na kuanguka. Sasa chama cha warusha ndege kilikuwa kimekata shauri: ndege itakayoshindwa kukamilisha duara Jumamosi itafutwa orodhani pamoja na jina la muundaji wake. Jina hilo Mama Pindo aliapa halifutwi.

Jumatano alikwenda uwanjani kwa pupa. Alisogeza betri, akapinda mkia, akabonyeza vitufe vya rimoti vya kurekebisha mwelekeo, vyote kwa mpigo mmoja. Ndege ikajipigiza chini, bawa likapasuka.

"Shemeji, hiyo si ndege, ni kuku aliyeponyoka kisu!" alicheka mdogo wa marehemu, fundi redio.

"Cheka tu. Meno utayahitaji Jumamosi, ujiume vidole."

"Haya, kosa lilikuwa wapi?"

Mama Pindo aliiokota ndege, akaigeuzageuza. Kati ya yote aliyoyagusa, hakujua lipi limeiangusha.

Kesho yake alikuwa akimpima gauni jirani yake msusi, mwanamke asiyejua kunyamaza.

"Shoga, punguza huku na huku, nina safari!"

"Thubutu! Nikipunguza pande zote na gauni likapinda, nitajuaje kosa liko wapi? Napunguza kidogo upande mmoja, unavaa, natazama." Ghafla akaduwaa, pini mkononi.

"Umechomwa?"

"Nimejisikia nikisema."

Jioni hiyo, bawa likiwa limegandishwa kwa gundi, alisogeza betri mbele kwa upana wa kidole, akairusha, akaitua, akaandika katika daftari la vipimo vya nguo. Akasogeza tena. Pua ilipotulia ndipo alipougeukia ule ugonjwa wa kushoto: akabonyeza kitufe cha kuivutia ndege kulia mara moja tu, akarusha, akatua, akaandika. Shemeji aliyekuja kucheka aliishia kuwa mwokotaji, jasho likimtiririka.

"Bado tu?"

"Bado. Ilete."

Ijumaa nayo ikapita hivyohivyo.

Jumamosi uwanja ulifurika mtaa mzima, msusi akitangaza kwamba siri ilitoka kwenye gauni lake. Ndege ikapaa. Ilipokuwa angani, Mama Pindo aliachia vijiti vya rimoti, watu wakashika vichwa. Ndege ikanyooka kama uzi uliovutwa. Akavishika tena, akaizungusha duara zima, akaitua miguuni pake.

Katibu wa chama alifunua orodha. "Jina la marehemu linabaki. Na rubani nimwandike nani?"

"Mama Pindo," shemeji alidakia, "na mwokotaji usimsahau!"

Mama Pindo akalifunga daftari lake, akacheka hadi machozi. Hakika, papo kwa papo kamba hukata jiwe.