Mwenye Jiko Akitoka na Bakuli

Mwenye jiko akitoka na bakuli, mfuate. Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo kaka yenu, aliyetaka kupeleka kitambaa chake kwa fundi mwenye kibao kikubwa kuliko duka. Mkacheka, kisha mkaja kwangu kuuliza jiko na cherehani vina undugu gani. Haya, kaeni, na wewe acha kumfinya mwenzio. Methali hii haikutoka kwa wahenga wa kale. Ilitoka kinywani mwa shangazi yangu Mwashamba, asubuhi moja mjini Tanga, na aliyekuwa karibu kuaibika ni mimi hapa bibi yenu. Ilianza hivi.

Wakati huo treni ya abiria ilikuwa bado inashuka kutoka Moshi hadi Tanga, nasi watu wa Mombo tulikuwa tukiipandia njiani. Nilikuwa nimechumbiwa na babu yenu, kijana wa Ngamiani. Wazee wetu walipoalikwa kwao kwa mara ya kwanza, mama yake, Bi Salha, aliwaandalia mbaazi za nazi na mahamri. Walikula mpaka wakasahau waliyokwenda kuyasema. Bi Salha akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Kwetu chakula cha nje hakiingii. Mwanamke anayenunua mbaazi barabarani hana jiko." Shangazi alilimeza neno hilo pamoja na hamri lake la mwisho. Hamri lilishuka, neno likabaki kooni.

Sasa sikilizeni desturi. Asubuhi ya kwanza ya fungate, kifungua kinywa cha bwana harusi hutoka upande wa bibi harusi. Wanawake wa upande wa mume hulifunua sinia, wakaonja, wakatoa maneno yao. Chakula kikiwa kibaya, bibi harusi atasikia habari zake mpaka azae, na akishazaa atasikia zaidi. Shangazi ndiye aliyebeba jukumu hilo kwa niaba yangu, akaapa kwamba atapika mbaazi za nazi za kumfunga mdomo Bi Salha.

Kosa likawa hapo. Sisi ni watu wa ndizi na maharage, nazi tuliijua kwa kuiona sokoni. Shangazi alizipika mbaazi zake kule kule Mombo kabla ya safari, akazitia kwenye ndoo ya mfuniko zikiwa bado za moto, na juu yake akaizungushia blanketi, ati zisipoe! Mtoto yeyote wa pwani angemwambia kwamba tui ukilifungia na joto lake linachacha. Treni nayo ikaharibika Muheza, jua likatuwakia mpaka mchana ukaisha. Tulifika, ndoa ikafungwa salama, nikaingizwa ndani. Alfajiri, katika nyumba waliyoazimwa karibu na stesheni, shangazi akaifunua ndoo yake. Harufu ilitoka kabla hajachungulia.

"Tupike nyingine, dada," akasema baba yangu mdogo, Singano, aliyekuwa naye.

"Mbaazi kavu haziivi kwa hasira, Singano. Jua likipanda, sinia liwe limefika kwa wakwe. Osha hiyo ndoo, tutoke."

Wakatoka. Mbele ya stesheni kulikuwa na moshi, kelele na watu tele, na wauzaji wa mbaazi wakiita kila apitaye kwa majina ya mapenzi. Singano akafurahi. "Tazama watu walivyojaa! Penye wengi pana Mungu." Shangazi akanunua kidogo, akaonja. Mbaazi zilikuwa zinaogelea, na nazi ilikuwa imepita mbali. Akawatazama walaji, akaona kila mmoja ana mzigo kati ya miguu yake.

"Hawa ni abiria," akasema. "Wana njaa, na kesho hawapo. Mpishi wao hana sababu ya kuwapendeza."

"Basi anayependeza tutamjuaje, katika mji tusioujua?"

Shangazi aliniambia mwenyewe kwamba alilia pale, mwanamke mzima, ndoo tupu mkononi, akiniwaza mimi ninavyongoja chakula kisichokuwepo.

Akiwa anajifuta machozi, akapita mwanamke aliyejifunika kanga gubigubi, anakwenda upesi. Chini ya kanga kilichungulia kipande cha bakuli. Mkono una unga mpaka kwenye kiwiko, na kanga ina masizi.

"Singano, yule ametoka jikoni kwake sasa hivi. Anakwenda wapi na bakuli?"

"Labda anampelekea mgonjwa."

"Bakuli ni tupu. Huoni anavyolibana kwapani? Mtu mwenye moto wake na unga wake ameacha vyote akatoka. Twende."

Wakamfuata. Kadiri walivyoingia vichochoroni, milango ikafunguka, na watu wengine wakatoka na mabakuli na sufuria zao, wote wakielekea upande mmoja. Wakatokea uani kwa mama mmoja aitwaye Bi Chausiku. Hakuna kibao, hakuna sahani hata moja, wala hakuna anayeita wateja. Mabakuli yamepangwa kwenye benchi, kila moja linamshikia mwenyewe nafasi, na wenyewe wamesimama ukutani wanapiga soga. Singano alipoiweka ndoo nyuma ya mabakuli yale, watu walicheka. Yule mwanamke wa kanga tu ndiye hakucheka. Alikuwa ameuelekea ukuta.

Bi Chausiku akamdondoshea shangazi mbaazi kidogo kiganjani aonje. Shangazi akaonja, akafumba macho, akayafumbua.

"Hizi nimewahi kuzila," akasema. "Katika mji huu huu, kwenye nyumba ya heshima."

Mwanamke wa kanga akajikunyata. Kanga ikateleza. Alikuwa Bi Salha.

"Mkwe!" shangazi akasema.

"Mkwe wangu. Umeamkaje?"

"Salama. Na wewe?"

"Salama. Nimetoka kunyoosha miguu kidogo."

"Na bakuli nalo linanyoosha miguu?"

Uani hapakukalika kwa vicheko. "Huyo?" akasema Bi Chausiku, upawa mkononi. "Huyo mteja wangu tangu huyo bwana harusi wenu hajaota meno."

Bi Salha akamsogelea shangazi, sauti ikiwa chini. "Mwashamba, ukilisema hili leo, mimi sina uso mbele ya wifi zangu."

"Na mimi mbaazi zangu zimechacha, na mwanangu yuko kwako anangoja. Nani kati yetu atamsema mwenzake?"

Bi Salha akaitazama ndoo. Akalitazama bakuli lake. Kisha akasema, "Chausiku, mjazie mkwe wangu kwanza, na mahamri umpe ya moto. Mimi nitangoja."

Basi sinia likaingia nyumbani kwa nyimbo, nami nikilisikia kutoka chumbani, moyo juu. Wifi zake Bi Salha wakalifunua, wakaonja. Kisha mkubwa wao, ambaye hakuwahi kusifu chakula cha mtu, akapiga kofi pajani. "Leo Salha kapatikana! Mbaazi hizi zinazipita zake!"

Shangazi angeweza kuipokea sifa ile akanyamaza, na nani angemjua? Lakini akasimama katikati ya wanawake wale. "Sikuzipika. Zangu zilichacha njiani. Hizi nimezinunua barabarani, na sioni haya, kwa sababu niliapa kwamba mwanangu hataletewa chakula kibaya."

"Wewe mgeni wa jana," wifi mkubwa akauliza, "umejuaje pa kununua?"

"Mwenye jiko akitoka na bakuli, mfuate. Mimi nimemfuata."

"Mwenye jiko gani huyo?"

Shangazi akainua kikombe chake, akanywa chai. Ndipo Bi Salha alipoanza kucheka, akacheka mpaka kanga ikamwanguka, akasema, "Ni mimi. Ni mimi jamani, na si leo tu!" Vigelegele vikapigwa, vikavuka ukuta mpaka kwa majirani. Nikaletewa sahani yangu chumbani, nikala kwa raha ambayo sijaisahau mpaka leo. Toka siku hiyo hakuna aliyeniuliza kama ninajua kupika nazi. Bi Salha mwenyewe, mpaka anafariki, alikuwa akinituma kwa Bi Chausiku mchana kweupe, bakuli likiwa kichwani watu walione.

Sasa mwambieni kaka yenu kwamba kibao amekilipia fundi mwenyewe. Yeye atafute nyumba yenye cherehani, aangalie mwenye nyumba hiyo nguo yake ya Idi huipeleka kwa nani. Mwenye jiko akitoka na bakuli, mfuate.