Mtoto wa Kwenye Kopo

Msala mzuri ukipita, mtu huuona mbacha wake umechakaa. Husahau kwamba msala ule una mwenyewe na unakwenda zake. Rugaibula wa kijiji cha Ngenge alisahau hivyo.

Mwaka 1953 kahawa ilikuwa na bei, na Rugaibula alikuwa karani wa mizani. Tangu akabidhiwe kalamu, hata kikohozi chake kilikuwa kimesoma. Mkewe, Kokushubila, alikuwa na mtoto wa miezi miwili, Datius, aliyejaa kama mkungu uliokomaa. Alinyonya tu; bibi yake, Klaudia, alikataza hata tone la maji.

Ndipo ikatangazwa kuwa mjini Bukoba kutakuwa na mashindano ya watoto wenye afya. Rugaibula akaenda Kemondo dukani kwa Mustapha, akarudi na maziwa ya unga. Juu ya kopo palichorwa mtoto wa mashavu mekundu, anacheka.

"Huyu hakulelewa kwa titi," alitamba.

"Wala hakuzaliwa Ngenge," mama yake, Klaudia, akamjibu. "Titi halifuatwi dukani, mwanangu. Kopo likiisha je?"

Rugaibula akacheka, akauliza kama duka lina miguu. Akamwamuru mkewe ajifunge kifua kwa kanga, mtoto azoee chupa. Kokushubila akatii. Maziwa yakalowesha kanga siku kadhaa, kisha yakakoma.

Masika yakaingia, mto ukafurika, barabara ya Kemondo ikakatika. Duka halikuwa na miguu, ila mto ulikuwa nayo. Kopo likabaki moja, Rugaibula akaagiza maziwa yapunguzwe: kijiko kimoja kwa chupa, kisha nusu, kwa maji ya kijito yaliyochafuka kwa mvua. Alisema almuradi ni meupe.

Datius akaharisha siku nne. Kokushubila akafungua kanga, akampa titi. Mtoto akanyonya, akaacha, akamtazama mama yake kama mgeni aliyebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Siku ya mashindano, Rugaibula alikuwa kibanjani, kati ya migomba yake, akichimba kaburi fupi kuliko mpini wa jembe lake. Alipomaliza kufukia, Kokushubila akaja na kopo tupu, akaliweka miguuni pake. Mtoto wa mashavu mekundu alikuwa bado anacheka.

"Baba Datius," alisema taratibu, "wako ndiye huyu. Wangu umemfukia."

Usiache mbachao kwa msala upitao.