Mtungi wa Karsan

Mfinyanzi mmoja wa Kihindu pale Pangani, Karsan jina lake, alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana aliyeitwa Jivan. Wahindu wenzake walinunua mitungi kwake, na wakifiwa walimfuata yeye pia. Maana desturi yao ni hii: maiti akiisha kulazwa juu ya kuni, mkuu wa msiba humzunguka akiwa na mtungi wa maji begani. Kila mzunguko mtungi hutobolewa tundu, maji yakachuruzika, na mwisho huuachia uanguke nyuma yake uvunjike, kisha akawasha moto bila kugeuka. Mtungi ule ni mwili. Ukivunjika, aliyekufa amefunguliwa aende zake.

Mitungi ya msiba Karsan aliifinyanga upesi upesi, myembamba, ya kuchomwa nusu nusu, huku akipiga soga na chai iko pembeni. Misiba haikuwa yake. Hekaluni alikwenda, lakini aliketi nyuma karibu na mlango, na kuhani alipofika kwenye maneno juu ya roho isiyozaliwa wala kufa, yeye alikuwa ameshasinzia, akingoja vitamu vya sadaka.

Kisha Jivan akashikwa na homa, akafa.

Mitungi ya msiba ilikuwa imejaa rafuni, ila moyo wa Karsan ulikataa kumpa mwanawe kitu hafifu. Akachukua mtungi mmoja kati ya ile aliyokuwa ameiandaa kwa harusi ya Jivan: mnene, uliochomwa ukaiva, umepakwa rangi nyekundu na nyeupe. Jamaa walimsihi achukue ule wa desturi, hakusikia la mtu. Kule mtoni, mahali pa kuchomea maiti, kuutoboa tu kulikuwa kazi. Na alipouachia, ulianguka mchangani kwa kishindo kizito, ukabingirika, ukatulia mzima. Karsan akageuka, jambo ambalo halifanywi. Mtu mmoja aliinua jiwe amalizie. Karsan akauwahi mtungi, akaukumbatia, na moto wa mwanawe akauwasha kwa mkono mmoja.

Nyumbani aliyaziba matundu kwa nta, akaujaza maji, akauweka kitandani kwa Jivan. Nta haikushika. Kila asubuhi alikuta godoro limelowa na mtungi mtupu, akaziba tena, akajaza tena. Udongo wake wa kufinyangia ukakauka uani. Watu wakaanza kusema kwamba Jivan hajafunguliwa, amekwama mlangoni, haingii wala hatoki, na anayemshika ni babake. Maneno hayo yalimchoma Karsan, kwa kuwa alimpenda mwanawe kuliko roho yake. Hata hivyo alishindwa kuuachia ule mtungi.

Mkewe, Ratan, alivumilia siku nyingi. Asubuhi moja akamkuta na nta mkononi, akaketi kando yake.

"Baba Jivan," alisema, "hebu tia mkono humo ndani. Ukimkuta mwanangu, mshike, nami nitashika pamoja nawe. Usipomkuta, basi nenda kaulize yuko wapi."

Karsan akatia mkono. Vidole vikagusa kuta zilizolowa. Katikati havikugusa kitu. Maisha yake yote alikuwa akitia mkono ndani ya mitungi, na kumbe alishughulika na kuta tu. Watu walinunua kwake ile nafasi ya kutia maji, na nafasi hiyo hakuifanya yeye. Ilikuwepo kabla hajaizungushia udongo. Basi hata Jivan, huyu aliyembeba na kumlisha, alikuwa nani: ule mwili, au kilichokuwa ndani yake? Akalia kama mtoto. Kisha akainuka na nguo zake zilizolowa, akaenda hekaluni, akaketi mbele kabisa, akamwomba kuhani asome tena pale ambapo yeye Karsan alikuwa akisinzia.

Kuhani alimtazama, akaahirisha kazi nyingine zote. Alimwambia kwamba maneno yale tangu kale husemwa kwa mtu anayelia, na kwamba wengi walioyaelewa waliingia kwa mlango huohuo wa machozi. Karsan alisikiliza neno moja moja, akauliza, akauliza tena, mpaka jioni.

Baadaye akaurudisha mtungi mtoni, akaujaza, akaing'oa nta kwa kucha zake. Alizunguka pale kuni zilipoungulia, maji yakimtiririka mgongoni. Safari hii aliuachia juu ya jiwe. Ukapasuka vipande vipande, na ile nafasi ya ndani ikabaki palepale ilipokuwa siku zote, sasa haina ukuta. Karsan akarudi kwa mkewe bila kugeuka, na hakuhitaji kukumbushwa. Aliendelea kumlilia Jivan, na aliendelea kuketi mbele hekaluni mpaka uzeeni.

Nanyi mliofiwa, mnaoamka kila asubuhi kuziba matundu kwa nta: mmeshatia mkono ndani?