Kaniki ya Tunu

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona sauti ndogo, mmeshindia uji? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, bibi yake bibi yangu hajazaliwa, palikuwa na mkunga mzee, Bi Mwanamvua. Hakuwa na maneno mengi. Alipopita yeye, hata wagomvi walinyamaza.

Kijijini humo alikuwamo Semeni. Semeni hakujaliwa mtoto. Akaomba, akalia, akachoka. Basi ndui ikapita kijiji cha jirani, ikamwacha Tunu peke yake, msichana ambaye meno ya utoto yalikwisha kumtoka zamani. Semeni akamchukua awe mwanawe.

Tunu alikuja na kaniki ya marehemu mama yake. Akila, kaniki. Akilala, kaniki. Akiitwa, anajifunika kaniki.

Bi Mwanamvua akasema, "Semeni, mpe chakula, mpe pa kulala. Nguo ile usiiguse."

"Nimesikia, bibi."

Kasikia wapi! Semeni alipenda usafi kupindukia, na alitamani kuitwa mama hata usingizi hapati. Siku moja Tunu kaenda kuokota kuni. Semeni huyooo, mtoni! Akaipaka kaniki majivu. Pwa! Pwa! Pwa! juu ya jiwe. Ikatakata. Akaianika, akangoja kushukuriwa.

Tunu akarudi. Akaishika. Akainusa. Akainusa tena. Akaketi chini, wala hakulia.

Hakula. Hakusema. Semeni akakimbilia kwa Bi Mwanamvua.

"Nimeifua tu, bibi! Ilikuwa inanuka."

"Ilikuwa inanuka mama yake, Semeni."

"Nitairudishaje ile harufu?"

"Hairudi."

Bi Mwanamvua akaja, akaketi sakafuni karibu na mtoto, magoti yakimlia ka! ka! Hakumbembeleza. Wakakaa, wakakaa, mpaka jua likageuka. Ndipo Tunu akasema:

"Bibi, sasa mama amekufa."

"Ndiyo, mjukuu wangu. Amekufa."

Wakalia pamoja. Semeni naye akalia mlangoni, na hakuna aliyemwita ndani.

Wanangu, inaniuma kila ninapoisimulia. Tunu alikulia nyumba ile ile. Alimpikia Semeni, akamuuguza uzeeni, akamzika. Lakini alimwita Bi Semeni mpaka siku ya kumzika. Mama, hata mara moja, hakumwita.

Basi ukimpokea mtoto aliyekwisha kukua, jua anakuja na waliomlea. Nao wape nafasi nyumbani mwako, hata kama nguo zao zinanuka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka iliyo tamu zaidi, akatunge yake.